Maiki, Waya na Herufi Zinazopotea: Somo la Impidansi kwa Wanaohudumu Kanisani



Katika mwaka wangu wa kichungaji nilitumwa kwenye kigango kimoja cha kando ya ziwa, mkoani Mwanza. Jumapili moja tuliadhimisha Misa ya kuwaombea marehemu wa jumuiya zote za kigango. Watu walijaa hata wengine wakakaa nje chini ya miembe, wakisikiliza kwa spika iliyofungwa juu ya mlango. Msomaji alisoma majina ya marehemu taratibu, jina moja moja. Baada ya Misa mama mmoja mzee alinifuata sakristia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Frateri. Samahani, mwanangu mlimsahau?"

Nilimfungulia daftari. Jina lilikuwemo, na lilikuwa limesomwa. Lilikuwa jina la ubatizo lenye herufi s mara mbili. Yeye aliyekuwa nje alisikia sauti, tena sauti kubwa, lakini jina hakulisikia.

Kamati ya kigango ilikuwa tayari imeanza mchango wa kununua amplifaya kubwa zaidi, maana malalamiko ya "hatusikii" yalikuwa ya muda mrefu. Wiki iliyofuata ndipo tulipogundua kwamba nguvu ilikuwapo ya kutosha. Tatizo lilikuwa pale maiki inapokutana na waya, na waya unapokutana na amplifaya. Somo hili linahusu jambo hilo moja. Nimeliandika kwa ajili ya mafrateri, makatekista na vijana wa mitambo ambao kila Jumapili huchomeka maiki moja kwa moja kwenye vyombo na kutumaini mema.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili ni letu na si la mafundi peke yao. Zamani Misa ilipoadhimishwa kwa Kilatini na padri akasali sala ya Ekaristi kwa sauti ya chini, hakuna aliyelalamika kwamba hakusikia. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, masomo na sala zikaanza kutolewa kwa Kiswahili ili watu washiriki kwa kuelewa. Tangu hapo kusikia si anasa. Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma, namba 311, yanataka waamini waweze kumwona na kumsikia padri, shemasi na wasomaji bila shida, na yanataja wazi msaada wa vyombo vya kisasa. Tunafundishwa homilia kwa miaka mingi, lakini tundu la kuchomekea maiki hatufundishwi hata kwa saa moja. Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro ya malezi.

Impidansi ni nini

Mmewahi kupanda daladala usiku. Dereva akiwasha starta, taa za ndani hufifia kwa sekunde moja, kisha zinarudi. Betri ni ile ile, lakini ndani yake kuna ukinzani. Ukiidai umeme mwingi kwa mara moja, sehemu ya volti zake hupotelea humo humo ndani kabla ya kutoka. Ukiidai umeme kidogo, kama wa taa peke yake, volti hutoka karibu zote.

Maiki ni betri dogo mno. Sauti yako inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa koili ndani ya sumaku, na koili inazaa umeme unaokwenda na kurudi mara mamia au maelfu kwa sekunde. Ukinzani wa chombo dhidi ya umeme wa namna hiyo ndio unaoitwa impidansi, na hupimwa kwa omu, alama yake Ω. Tofauti yake na ukinzani wa kawaida ni kwamba impidansi inaweza kubadilika kulingana na wimbi: nzito kwa sauti nene na nyepesi kwa sauti nyembamba, au kinyume chake. Shikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.

Kwa hiyo kuna impidansi mbili. Moja ni ya maiki yenyewe, ile ya "ndani ya betri". Nyingine ni ya tundu la miksa au amplifaya, yaani kiasi ambacho tundu hilo linaidai maiki. Tundu lenye omu nyingi linadai kidogo. Lenye omu chache linadai sana.

Kulinganisha hakumaanishi kuwa sawa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na neno lenyewe ndilo linalowapoteza. Tukisema impidansi "zilingane", mtu anaelewa kwamba maiki ya omu 300 itafutiwe tundu la omu 300. Fikra hiyo ilitoka kwenye simu za zamani za waya mrefu, ambako mitambo mingi ilipangwa kwa omu 600 pande zote mbili ili nguvu ihamishwe kikamilifu. Ni kweli kwamba pande mbili zikiwa sawa ndipo nguvu nyingi zaidi inahama. Lakini hapo hapo volti hugawanyika nusu kwa nusu, na miksa zetu hazihitaji nguvu ya maiki. Zinahitaji volti.

Fanyeni hesabu wenyewe. Volti inayofika ni omu za tundu, gawanya kwa jumla ya omu za tundu na za maiki. Shure SM58, maiki ambayo imekuwapo tangu 1966 na ambayo wengi wetu tumeishika au tumeshika mfano wake wa bei rahisi, ina impidansi halisi ya omu 300 hivi. Ichomekeni kwenye tundu la omu 2,400: 2,400 kwa 2,700 ni asilimia 89. Hasara ni desibeli 1, ambayo sikio halitambui. Ichomekeni kwenye tundu la omu 300: inabaki asilimia 50, hasara ya desibeli 6.

Kanuni ya mkono basi ni hii: tundu liwe na omu angalau mara tano za maiki, na mara kumi ni vizuri zaidi. Ndiyo sababu matundu ya maiki ya miksa za kisasa huwa kati ya omu 1,500 na 3,000 hivi, na maiki nyingi za pini tatu huwa kati ya omu 150 na 600. Mtengenezaji ameshawalinganishia. Ukichomeka maiki ya namna hiyo kwenye tundu la namna hiyo kwa waya wa pini tatu, hakuna kifaa cha kuongeza katikati.

Maiki za impidansi kubwa, na kilichompata yule mama

Shida inaanza na aina ya pili. Maiki nyingi za zamani, zikiwemo zilizoletwa kama zawadi kutoka parokia za Ulaya, na baadhi ya maiki zenye waya uliofungwa moja kwa moja na jeki nene mwishoni, zina impidansi kubwa, omu 10,000 hadi 50,000. Zilitengenezwa hivyo kwa sababu amplifaya za enzi zile zilikuwa na matundu ya impidansi kubwa sana, na maiki ya namna hii hutoa volti nyingi zaidi.

Maiki kama hiyo huharibika kwa namna mbili, na dalili zake hazifanani.

Namna ya kwanza ni kuichomeka kwenye tundu la impidansi ndogo. Chukueni omu 50,000 na tundu la 2,000. Inabaki 2,000 kwa 52,000, chini ya asilimia 4, hasara ya desibeli 28 hivi. Sauti inakuwa hafifu, fundi anafungua hadi mwisho, na kinachosikika zaidi ni mchakacho wa amplifaya yenyewe. Dalili hii ni rahisi kugundua.

Namna ya pili ni ya hila, na ndiyo iliyokuwa yetu. Amplifaya ya kigango ilikuwa na tundu la jeki lenye impidansi kubwa, kwa hiyo maiki ile ililia kwa sauti kubwa. Lakini kati ya mimbari na meza ya mitambo ulipita waya wa mita 20.

Waya wa maiki una nyuzi za ndani na wavu wa shaba unaozizunguka. Vitu viwili vya shaba vilivyokaribiana bila kugusana ni kapasita, mtake msitake. Kwa waya wa kawaida hufika takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 ni pikofaradi 2,000. Kapasita ni moja ya vile vitu nilivyosema vinabadilika na wimbi: kwa sauti nene ni kama ukuta, kwa sauti nyembamba ni kama mlango ulioachwa wazi. Sauti nyembamba inavuja kupitia wavu na kurudi ardhini kabla ya kufika kwenye amplifaya. Inavuja kuanzia wapi? Gawanya 1 kwa mara mbili ya pai, mara omu za maiki, mara faradi za waya. Kwa omu 50,000 na pikofaradi 2,000 jibu ni hezi 1,600 hivi. Juu ya hapo kila kitu kinaanza kuporomoka, na kwenye hezi 6,400 inabaki robo tu ya volti.

Sasa tazameni lugha yetu. Irabu za Kiswahili, a e i o u, nguvu yake kubwa iko chini, na ndizo zinazofanya sauti isikike kuwa "kubwa". Konsonanti za pumzi ziko juu: s nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4,000, sh inaanza chini kidogo, na f ni hafifu tangu mwanzo. Ziondoeni hizo, kisha sikilizeni tofauti ya fika na shika, ya sumu na chumu, ya sala na chala. Msikilizaji aliye karibu anasaidiwa na midomo ya msomaji. Aliye nje chini ya mwembe hana msaada huo. Amesikia i-i-i-a, na jina la mtoto wake limevujia kwenye wavu wa shaba.

Tulikuwa tumejaribu kupandisha kitasa cha sauti nyembamba. Spika ikapiga mluzi. Tukashusha. Ndiyo maana wazo la amplifaya kubwa lilionekana la busara, ingawa amplifaya kubwa ingekuza upungufu ule ule.

Kwa maiki ya omu 200 na waya ule ule wa mita 20, hesabu inatoa karibu hezi 400,000. Sikio la binadamu linaishia 20,000. Hata mkivuta mita 50, kama inavyohitajika Sherehe ya Ekaristi Takatifu inapoadhimishwa uwanjani, mnapata karibu hezi 160,000, wakati maiki ya omu 50,000 kwenye mita 50 ingeanza kupoteza kwenye hezi 640. Wanaofahamu Bujora, pale Kisesa, ambako sherehe hiyo inafuatwa na ngoma za Bulabo mbele ya umati, wataelewa kwa nini uwanja wa namna ile hauendeshwi kwa maiki za jeki. Impidansi ndogo ndiyo inayoruhusu waya mrefu.

Mnajaribuje maiki?

Hili ni la pembeni, lakini nadhani ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote. Kijana wa mitambo akishika maiki anasema "halo, halo", au "moja, mbili, tatu". Angalieni maneno hayo. Hakuna s, hakuna f, hakuna sh hata moja. Ni irabu na konsonanti za chini. Maiki iliyopoteza nusu ya alfabeti itafaulu mtihani huo kila Jumapili.

Sisi tulitunga sentensi ya kijinga: "Fisi sita wasioshiba wamefika shuleni Ijumaa." Mmoja anaisema mimbarini kwa sauti ya kawaida, mwingine anasimama mahali pabaya kuliko pote, nje au nyuma kabisa, akiwa amegeuka asione midomo. Badilisheni maneno kila mara ili asikisie. Akiandika "isi ita", tatizo limepatikana.

Kutambua ulichonacho

Geuzeni maiki, someni maandishi. Mara nyingi imeandikwa 150 Ω, 250 Ω, 600 Ω au 50 kΩ. Pengine "Lo-Z" kwa impidansi ndogo au "Hi-Z" kwa kubwa. Baadhi ya maiki za zamani zina swichi ya kuchagua, na swichi hiyo ikiwa upande usiofaa mnaweza kuhangaika mwaka mzima. Kwenye vyombo, tundu la pini tatu lililoandikwa MIC karibu daima ni la impidansi ndogo. Tundu la gitaa ni la impidansi kubwa, mara nyingi hadi omu milioni moja.

Maandishi yakifutika, fundi mwenye mita anaweza kupima ukinzani kati ya pini ya 2 na ya 3 ya maiki ya koili. Akipata omu mia kadhaa au chini, ni impidansi ndogo. Akipata maelfu, ni kubwa. Kipimo hicho si impidansi kamili bali ni kidokezo. Asipime hivyo maiki za kondensa wala za utepe. Za utepe zinaweza kuharibika.

Ikiwa mna maiki nzuri ya impidansi ndogo na vyombo vyenu vina tundu la jeki la impidansi kubwa tu, kifaa kinachohitajika ni transfoma ndogo ya maiki, yenye tundu la pini tatu upande mmoja na jeki upande wa pili. Uwiano wa impidansi ni mraba wa uwiano wa mizunguko ya koili: kutoka omu 200 kwenda 50,000 ni mara 250, kwa hiyo mizunguko ni karibu mara 16, na volti zinapanda mara hizo hizo, desibeli 24. Ni ongezeko lisilodai umeme. Lakini iwekeni mwisho wa waya, kwenye amplifaya. Nimeona ikiwekwa mimbarini "ili isipotee", na hapo mmerudisha impidansi kubwa kwenye waya mrefu, yaani mmerudi mlikotoka. Msichanganye pia transfoma hii na kigeuzi cha kawaida cha kubadilisha umbo la plagi. Kwa nje vinafanana. Kigeuzi hakibadilishi impidansi hata kidogo.

Maiki mbili kwenye tundu moja

Vigango vingi vina amplifaya ya matundu machache, na altare na mimbari vyote vinahitaji maiki. Fundi anaunganisha nyaya mbili ziwe moja. Inalia, kila mtu anafurahi. Kinachotokea ni kwamba kila maiki inamwona mwenzake kama mzigo. Maiki ya omu 300 iliyokuwa ikiona omu 2,400 sasa inaona omu 267 hivi, kwa sababu maiki ya pili nayo inakula. Inabaki asilimia 47 badala ya 89. Fundi anafungua zaidi ili kurudisha, na maiki zote mbili ziko wazi, kwa hiyo mluzi unakuja mapema. Miksa ndogo ya matundu manne ni bora kuliko kuunganisha hivyo. Kama fedha hazipo, tumieni maiki moja yenye stendi na mtumishi wa altare aihamishe.

Jambo jingine linalodhaniwa kuwa impidansi, na siyo: kuchomeka maiki kwenye tundu la LINE au AUX. Maiki ya koili hutoa karibu milivolti 2 mtu akisema kwa nguvu ya wastani karibu nayo. Tundu la LINE linategemea kitu cha karibu na volti 1, mara 500 zaidi. Hapo omu zinaweza kuwa sawa kabisa na bado msisikie kitu.

Mngurumo, na onyo

Waya wa pini tatu una faida ya pili. Nyuzi mbili za ndani hubeba sauti ile ile kwa mielekeo iliyo kinyume, na miksa huchukua tofauti yake. Mngurumo wa umeme wa hezi 50 unaoingia njiani unazigusa nyuzi zote mbili sawasawa, kwa hiyo unafutika. Jeki ya kawaida yenye uzi mmoja haina kinga hiyo, na maiki ya impidansi kubwa huokota mngurumo zaidi, hasa waya ukilazwa sambamba na waya wa jenereta. Ikibidi zipishane, ziwe kama msalaba.

Mngurumo ukikataa kuondoka, asitokee mtu wa kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Mngurumo unaweza kweli kuisha. Lakini siku amplifaya ikipata hitilafu, umeme wa volti 230 utatafuta ardhi kupitia mkono wa aliyeshika maiki, na mara nyingi huyo ni padri au mtoto wa kwaya aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. Afadhali mngurumo.

Kwa walioko visiwani, Ukerewe, Ukara au Kome, ambako kupeleka kifaa kwa fundi ni safari ya kivuko, ninashauri kisanduku kimoja sakristia: waya mmoja wa akiba wa pini tatu, transfoma moja kama vyombo vyenu vinaihitaji, na mita ya kawaida. Waya ndio unaokufa kwanza, pale unapoingia kwenye plagi, na unyevu wa ziwa hauusaidii.

Kigangoni kwetu mchango wa amplifaya ulisimamishwa. Fedha zilizokuwa zimekusanywa zilinunua maiki moja ya impidansi ndogo, waya wa pini tatu wa mita 20 na stendi. Amplifaya ni ile ile ya zamani. Ilikuwa na tundu la pini tatu mgongoni ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Maiki ya zamani hatukuitupa. Katekista anaitumia kwenye darasa la ubatizo kwa waya wa mita 3, kwenye spika ndogo ya gitaa, na pale inatamka s zote.